Mzee Maruge na kaptula ya shule: uchambuzi wa mtu aliyekosa cha kusingizia

Tarehe 12 Januari 2004, kwenye shule ya msingi Kapkenduiyo pale Eldoret, Kenya, mzee wa miaka 84 aliandikishwa darasa la kwanza. Jina lake Kimani Ng'ang'a Maruge. Hakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha umri wake ila mwenyewe aliamini alizaliwa 1920, mke wake alishafariki, wajukuu alikuwa nao 30, na wawili kati ya hao wajukuu walikuwa wanafunzi wa shule hiyohiyo. Baadaye Guinness wakamwandika kwenye kitabu chao cha rekodi kama mtu mwenye umri mkubwa zaidi duniani kuanza shule ya msingi.

Hiki kisa wengi tunakijua juu juu. Ile picha ya mzee kavaa kaptula na soksi ndefu kakaa katikati ya watoto wadogo imezunguka sana, mtu anaiweka status na maneno ya "hujachelewa" halafu kesho yake anaendelea na maisha yake kama kawaida. Nadhani tunakimaliza haraka mno. Ukikaa nacho ukakifungua kipande kwa kipande unakuta ndani yake kuna mambo kuhusu woga ambayo hayapo kabisa kwenye yale maneno ya kutia moyo tunayotumiana asubuhi, na mengine yanapingana nayo.

Tuanzie nyuma. Mtu aliyezaliwa 1920 huko Kenya ya mkoloni, shule kwa watoto wa Kiafrika zilikuwa za kuhesabu, nyingi za misheni, na mtoto wa familia ya kawaida akikosa kwenda hakuna aliyeshangaa. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni inatangaza hali ya hatari Maruge ana kama miaka 32, na yeye ni mmoja wa waliopigana upande wa Mau Mau, wale wapiganaji walioingia msituni kupambana na utawala wa Waingereza. Uhuru ukaja 1963, yuko kwenye arobaini na kitu, ana watoto wa kulisha, na shule ina ada. Sasa huyu mtu huwezi kumwambia kwamba miaka yote hiyo alikuwa anatoa visingizio, hapana. Alikuwa na kizuizi, na kizuizi na kisingizio ni vitu viwili tofauti ingawa vikisemwa kwa mdomo vinafanana kabisa. "Sina hela ya ada" inaweza kuwa ukweli mtupu na inaweza kuwa mahali pa kujificha, inategemea nani anasema na lini.

Naliweka hili mapema kwa sababu kuna watu, hasa hawa wanaojiita wahamasishaji, kila anayekwama wanamwambia acha visingizio. Mama anaamka saa kumi usiku kupika vitumbua, anauza mpaka saa nne, anaenda shamba, anarudi kuchota maji, halafu mtu kavaa suti anamwambia tatizo lako ni mindset. Huo ni ukatili. Kisa cha Maruge kinatusaidia hapa kwa sababu unaona wazi kabisa siku kizuizi kilipoondoka, ina mwezi na mwaka.

Mwezi ni Januari 2003. Mwai Kibaki alishinda uchaguzi Desemba 2002, na serikali yake mpya ikafuta ada za shule za msingi kama ilivyoahidi. Kilichofuata Kenya nzima inakumbuka, watoto waliojaa mashuleni walikuwa zaidi ya milioni moja juu ya wale waliokuwepo, idadi ikapanda kutoka kama milioni 5.9 mpaka kama milioni 7.2, madarasa yakafurika, watoto watatu watatu kwenye dawati moja, wengine chini. Maruge mwenyewe alisema ni tangazo hilo lililomfanya aende. Serikali imesema elimu ya msingi ni bure, haikusema bure kwa watoto tu, na yeye hajawahi kuipata hiyo elimu ya msingi, basi anaidai.

Kwahiyo ile sababu ya ada ikafa. Hapo ndipo kisa kinapoanza kwa maana ninayoitaka mimi, kwa sababu kikwazo cha nje kikiondoka ndipo unapojua ndani kulikuwa na nini. Wapo wazee wangapi Kenya mwaka ule ambao hawakujua kusoma na wao walisikia tangazo hilohilo kwenye redio? Wengi mno. Ada ilikuwa imefutwa kwao wote. Kilichobaki kikawa kitu kimoja, na kitu hicho ni aibu.

Aibu hapa tuiangalie vizuri maana ndiyo kiini cha kisa. Huyu ni mtu aliyeingia msituni kupigana na jeshi la Waingereza. Kifo alikijua. Unaweza kudhani mtu wa namna hiyo kwenda shule ni kitu kidogo kwake, kumbe ujasiri wa vita na ujasiri wa kuchekwa haviishi chumba kimoja. Vitani upo na wenzako, mna sababu moja, ukifa unaitwa shujaa. Darasani pale upo peke yako, hakuna mwenzako hata mmoja wa rika lako, ukikosea kusoma herufi kuna mtoto wa miaka sita pembeni anakucheka na hana hata nia mbaya, anacheka kwa sababu ni mtoto. Na jioni ukirudi unapita mbele ya wazee wenzako wamekaa kivulini wanakuangalia umebeba madaftari. Nimewahi kuona wanaume wanaoweza kusimama mbele ya mwizi mwenye panga ila hawawezi kumwambia fundi mdogo kuliko wao "nifundishe". Heshima ya umri kwetu sisi ni mali kubwa, na kwenda kukaa chini ya mwalimu anayeweza kuwa mjukuu wako ni sawa na kuitoa hiyo mali mfukoni na kuiweka mezani hadharani.

Kenya kulikuwa na madarasa ya watu wazima, yale wanayoyaita ngumbaru, na sisi Tanzania tunayajua vizuri maana Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na wazee wetu wengi walijifunza kuandika majina yao huko. Maruge yeye akaenda shule ya watoto. Akaingia mlango uleule wanaoingia watoto, kwa masharti yaleyale ya watoto.

Na masharti yaleyale maana yake yunifomu. Hapa ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye kisa chote hiki. Mzee akatokea shuleni na kaptula, soksi zimevutwa mpaka karibu na magoti, sweta la shule, begi, na fimbo yake ya kutembelea. Mtu mzima wa Kikuyu, babu wa wajukuu 30, kavaa kaptula. Wengine wanaiona kama kichekesho. Mimi naona ni hatua ya mtu aliyeelewa woga unavyofanya kazi, hata kama hakuwahi kuusomea popote. Angeenda na suruali yake na koti lake la mzee angekuwa mgeni, mtu anayetembelea, mtu ambaye wiki mbili mbele anaweza kuacha na hakuna atakayeuliza kwa sababu hata hivyo hakuwa mwanafunzi hasa. Akivaa kaptula amekata njia ya kurudi nyuma. Watu wote wameshaona. Kile kitu alichokuwa anakiogopa, yaani kuonekana, amekifanya chote siku ya kwanza, kwahiyo siku ya pili hakuna kipya cha kuogopa, ni kwenda tu.

Linganisha na tunavyofanya wengi wetu. Mtu anataka kuacha pombe, hamwambii mtu yeyote, anasema nitaacha kimya kimya wataona wenyewe. Mwingine anataka kujifunza kompyuta ila anasubiri mpaka ajifunze kidogo nyumbani kwanza ndio ajiunge na darasa ili asionekane hajui, na huko nyumbani hajifunzi. Tunabakiza mlango wazi nyuma yetu, na tunauita busara, eti usitangaze mipango yako. Sikatai kuna mambo ya kuficha. Lakini mara nyingi hatufichi mpango kwa sababu ya maadui, tunauficha ili tukishindwa pasiwe na shahidi, na mtu aliyeshajiandalia namna ya kushindwa bila shahidi mara nyingi anaitumia.

Halafu kuna sababu yake ya kwenda. Huyu mzee hakusema anataka kubadilisha maisha yake wala kutimiza ndoto. Alisema anataka kusoma Biblia mwenyewe kwa sababu alikuwa na wasiwasi kwamba mhubiri hasemi kilichoandikwa. Na alisikia tetesi kwamba wapiganaji wa Mau Mau wanaweza kuja kulipwa fidia, akataka kujua kuhesabu hela yake ili asije akapunjwa. Basi. Mhubiri na hela. Tena ndani ya sababu zote mbili kuna hasira kidogo, kuna "siwezi kuendelea kutegemea mdomo wa mtu mwingine kwenye mambo yangu".

Naamini hapa ndipo alipoushinda woga, mapema kabisa kabla hata ya kufika getini. Sababu kubwa kubwa kama "nataka kuwa mtu bora" haina nguvu asubuhi ya mvua, inaahirishika, kwa sababu mtu bora unaweza kuwa hata mwezi ujao. Lakini sababu ya Maruge inamrudia kila Jumapili. Kila Jumapili anakaa pale anasikiliza mtu anasoma kitabu ambacho yeye hawezi kukikagua, na anarudi nyumbani na ule wasiwasi wake. Mtu akiwa na kitu kinachomuuma kila wiki, tena kidogo, tena cha kwake, hahitaji kuhamasishwa. Ukimuuliza mtu kwanini unataka kubadilika akakupa jibu refu lenye maneno mazuri, ujue bado. Akikwambia "nimechoka kumpa mtoto wa jirani simu yangu anisomee meseji ya hela", huyo ataenda.

Na hili la meseji sio mfano wa mbali. Tunao watu wazima humu mitaani kwetu, wenye biashara zao na familia zao, ambao hawajui kusoma na wanajificha vizuri sana. Ukimtumia meseji anakwambia nitumie voisi niko barabarani. Kwenye fomu anasema nimesahau miwani hebu nijazie. Namba ya siri ya M-Pesa anaijua mjukuu au mtu wa kibandani, na siku hela ikipungua hana la kusema kwa sababu hata kuangalia salio anaangaliziwa. Watu hawa wana akili ya kutosha kabisa kujifunza, maana akili wanayoitumia kujificha ni kubwa kuliko inayohitajika kujua a, e, i, o, u. Wanachobeba ni ule woga wa mara moja tu, wa kusema kwa sauti mbele ya mtu: mimi sijui kusoma. Maruge alisema. Akalisema kwa kuvaa kaptula lakini alilisema.

Sitaki nimfanye kama alifanya yote peke yake. Kulikuwa na mwalimu mkuu, Jane Obinchu, aliyekubali kumpokea wakati shule imefurika na ingekuwa rahisi sana kumwambia mzee rudi nyumbani hatuna nafasi, na nafasi kweli ilikuwa ya shida. Mtu anayeanza kubadilika mara nyingi anahitaji mtu mmoja tu asimcheke. Ukiwa wewe ndio umekaa kwenye hiyo meza ya kuandikisha watu, iwe ni shule, chuo cha ufundi, klabu ya mazoezi, au kikundi cha watu wanaoacha pombe, jua kwamba anayekuja mbele yako huenda ametembea nao woga huo miaka, na uso utakaomwonyesha kwa dakika tano unaweza kumrudisha nyumbani moja kwa moja.

Mambo yaliyofuata yanajulikana na sitakaa sana hapo. 2005 akachaguliwa kiranja mkuu wa shule. Septemba mwaka huohuo akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaenda New York kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa malengo ya milenia kuzungumzia umuhimu wa elimu ya msingi bure. Waandishi wa habari wakawa wanamtafuta kutoka kila kona. Ni mazuri yote hayo ila hayafundishi kitu kuhusu woga, kwa sababu mtu akishasifiwa na dunia nzima kuendelea ni rahisi.

Sehemu ambayo watu hawaizungumzii, na mimi naiona ndiyo kubwa kuliko hata ile ya 2004, ni mwaka 2008.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya ikaingia kwenye vurugu, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Eldoret na maeneo ya jirani palikuwa pabaya sana. Karibu na hapo, Kiambaa, kanisa lilichomwa moto tarehe 1 Januari 2008 na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani, wanawake na watoto. Maruge ni Mkikuyu anaishi Eldoret, na Wakikuyu ndio waliokuwa wanalengwa pale, hahitaji kuelezwa anaogopa nini. Mali zake zikaibiwa. Akaishia kambini na wakimbizi wenzake, kwenye nchi yake mwenyewe aliyoipigania, umri unakaribia miaka 88.

Kambi ilikuwa kilomita nne kutoka shuleni, na akawa anaenda kila siku. Kilomita nne za mzee mwenye fimbo, kwenye mji ambao wiki chache nyuma watu walikuwa wanachinjana. Lakini inajulikana pia kwamba kipindi hicho alifikiria kuacha shule, na mimi nashukuru kwamba hilo linajulikana, kwa sababu bila hilo tungembadilisha kuwa sanamu. Alitaka kuacha. Huyu huyu wa kaptula, kiranja mkuu, wa New York, alifika mahali akaona basi.

Fikiria angeacha, nani angemlaumu? Hakuna. Sio mimi sio wewe. Na hiki ndicho kitu kilichonifanya nikae na kisa hiki muda mrefu: visingizio vya uongo sio hatari sana, ukweli ni kwamba mwenyewe ndani unajua unajidanganya na siku moja utachoka. Kinachotumaliza ni sababu ya kweli, ile ambayo kila mtu anayekusikiliza anatikisa kichwa na kukupa pole. Nimefiwa. Nimeachishwa kazi. Nimeumwa mwaka mzima. Biashara iliungua. Ni kweli tupu, na kwa sababu ni kweli inaweza kukaa na wewe miaka 20 bila mtu hata mmoja kukuuliza "bado?". Kizuizi kilishaondoka zamani ila jina lake tunaendelea kulitaja, na watu wanaendelea kutupa pole kwa heshima.

Kwahiyo turudi kwenye ule mstari kati ya kizuizi na kisingizio, maana 2008 unajaribiwa kweli kweli. Juni mwaka ule Maruge alilazimika kuondoka Eldoret. Kapkenduiyo ikaisha, hiyo hakuna namna, ilikuwa kizuizi cha kweli na akakubali. Akahamia Nairobi, kwenye makao ya wazee. Mahali pa kupumzika. Mahali ambapo hakuna anayetegemea ufanye chochote zaidi ya kula na kuota jua. Na tarehe 10 Juni 2008 akajiandikisha darasa la sita, shule ya msingi Marura, huko Kariobangi.

Angalia alichofanya na ile hasara. Hakusema shule imeisha, alisema shule ile imeisha. Alichopoteza ni Eldoret, nyumba, mali, marafiki, walimu waliomzoea, ukiranja. Alichokuwa anakitaka tangu mwanzo, kusoma, hakikuwa kimefungwa Eldoret. Sisi tukipoteza njia moja tunazika na safari yote. Mtu alikuwa anasoma jioni chuo fulani, chuo kikafungwa, ndio mwisho, kila ukimuuliza anakwambia "si unajua kile chuo kilifungwa", kama vile mji mzima ulikuwa na chuo kimoja.

Na Marura alianza upya kwa maana zote. Watoto wapya wasiomjua, mji mpya, darasa jipya, ile aibu ya siku ya kwanza aliyoimaliza 2004 inabidi ailipe tena. Hii naomba tuielewe vizuri: woga wake haukuwa umekufa 2004. Tunapenda kusimulia kana kwamba mtu anaushinda woga siku moja halafu anaishi huru, na wanaoamini hivyo woga ukiwarudia wanadhani wameshindwa, wanajiambia kumbe sijabadilika. Uliza mtu yeyote aliyeacha sigara, au aliyetoka kwenye ndoa ya vipigo akaanza maisha, atakwambia kuna asubuhi za mwaka wa tatu ambazo ni kama siku ya kwanza kabisa.

Kuna wanaopinga nikiwasimulia haya, na hoja zao zina uzito. Wanasema Maruge hakuwa na watoto wadogo wa kulea, hakuwa na bosi, hakuwa na kodi ya nyumba inayomsubiri tarehe moja, na dunia nzima ilikuwa inamwangalia. Mimi nina miaka 37, watoto watatu, natoka kazini saa mbili usiku, kamera gani inanifuata mimi? Nakubali. Muda wako ni mdogo kweli. Ila tusisahau kwamba kamera zilikuja akiwa ameshakaa darasani, na kwamba mwaka ule wa 2008 umaarufu haukuzuia mali zake kuibiwa. Kuhusu muda, ndio, wewe una saa chache kwa siku, lakini yeye alikuwa na miaka chini ya sita yote kwa yote, maana alifariki Agosti 2009. Kila mmoja ana kilichopungua.

Na Maruge hayuko peke yake. Priscilla Sitienei, aliyeitwa Gogo yaani bibi kwa Kikalenjin, mkunga wa kijiji cha Ndalat, hukohuko Bonde la Ufa, alianza shule ya msingi akiwa na miaka zaidi ya 80 akaendelea mpaka alipofariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, na baadhi ya watoto aliokaa nao darasani ni yeye aliyewazalisha mama zao. Yeye pia alitaka kusoma Biblia, na alitaka kuandika ujuzi wake wa ukunga usipotee naye. Tena unaona, sababu ndogo, ya mkononi, ya kwake.

Kwetu Tanzania nikitafuta kitu kinachofanana na ile Januari 2003 ya Kenya nakikuta Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya kupata ujauzito wanaweza kurudi kwenye shule za kawaida. Kabla ya hapo yule binti alikuwa na kizuizi, kikubwa, kilichoandikwa na kusemwa na wakubwa wa nchi, na kumwambia acha visingizio ilikuwa ni dhambi. Tangazo likatoka. Lakini binti wa miaka 19 mwenye mtoto wa miaka miwili mgongoni, kurudi kuvaa sketi ya shule, kukaa na wadogo zake darasa moja, kupita mbele ya walewale majirani waliomsema, hiyo haikufutwa na tangazo lolote. Hapo anahitaji kile alichokuwa nacho Maruge, na anahitaji pia kile alichokipata kwa mwalimu Obinchu, mtu wa kumpokea bila kumuuliza kwa macho ulikuwa wapi. Bibi wa kukaa na mtoto anahesabika hapo, tena sana. Kwa waliopitwa zaidi na umri ipo njia ya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, unaokufungulia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na wanaoupita ni watu wa kawaida kabisa, walinzi, wauza duka, kina mama wa nyumbani, ambao hakuna aliyewapiga picha.

Kitu cha mwisho ambacho watu hunirushia ni hiki: lakini hakumaliza. Ni kweli. Juni 2008 yuko darasa la sita, Mei 2009 akabatizwa kanisa la Holy Trinity Kariobangi akapewa jina la Stephen, na tarehe 14 Agosti 2009 akafariki hospitali ya Kenyatta kwa saratani ya tumbo. Akazikwa shambani kwake Subukia. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya wakati ule, hakufika. Na ile fidia ya Mau Mau aliyokuwa anajiandaa kuihesabu ilikuja kutangazwa na Uingereza Juni 2013, pauni milioni 19.9 kwa wazee zaidi ya 5,000, yeye miaka karibu minne yuko kaburini.

Hoja ya hakumaliza ina nguvu kama unaamini alikwenda kutafuta cheti. Hakwenda kutafuta cheti. Alikwenda ili asisomewe, na kwa hilo hakuna darasa la nane linalohitajika, inahitajika kuanza na kutoacha. Wanaouliza "nikianza sasa nitamaliza na miaka mingapi" mara nyingi nikiwauliza utakuwa na miaka mingapi usipoanza wananyamaza, maana miaka ni ileile. Mzee alianza na 84 akafika kama 89 akiwa mwanafunzi, na miaka hiyo mitano angeiishi hata hivyo, kivulini na wenzake, akisubiri Jumapili asomewe.

Kama unaye mtu nyumbani ambaye kila siku anakuomba umjazie fomu, usimcheke na usimtumie video ya kutia moyo. Mwambie nitakupeleka Jumatatu, na Jumatatu mpeleke.